Panya Mlangoni pa Mwisho

Siku ya Krismasi, jua likiwa limeshavuka utosi, Mzee Walubengo alirudi Kibera kutoka Kawangware na kijiti cha meno mdomoni. Alikuwa amekichonga mwenyewe njiani kwa kisu chake cha useremala, chembamba na laini, kazi ya fundi. Alikitembeza kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine, akichokoa hapa, akifyonza pale, mithili ya mtu aliyepigana na paja la kuku akaibuka mshindi. Ukweli ni kwamba tangu jana asubuhi meno hayo hayakuwa yameona kitu ila chai ya rangi.

Kosa halikuwa la mtu. Wiki nzima alikuwa amewatangazia wapangaji wote wa ploti yao ya Sarang'ombe, hapo Kibera, kwamba Krismasi ataila Gatina, huko Kawangware, kwa binti yake Valentine. Alipofika Gatina alikuta kufuli mlangoni. Jirani akamweleza kwamba mama mkwe wa Valentine alikuwa amezidiwa, na mume na mke wameondoka alfajiri kwenda Bungoma. Walimtuma mtu Kibera ampashe habari, lakini maneno ya kutumwa kwa mdomo katika Nairobi hii, nani asiyejua yanavyopotea? Jirani yule alikuwa na sufuria mekoni na uso wa ukarimu. Neno moja tu lingetosha. Walubengo akamshukuru, akaomba maji, akanywa bilauri mbili, akageuka.

Hakuwa na kiburi, msimwelewe vibaya. Ni malezi. Huko kwao Kimilili, Bungoma, miaka ya njaa, mama yake alikuwa akiwapaka samli midomoni kabla ya kuwatuma kwa watu, ili pasiwe na atakayesema watoto wa fulani wamekuja kudoea. Samli yenyewe ilikuwa ya kupaka, si ya kula, na ole wake aliyejilamba njiani. Mtoto aliyelelewa hivyo hukua akijua kusema maneno mengi, lakini lile moja humkwama kooni mpaka uzeeni. Na tangu karakana alikokuwa akitengeneza milango ifungwe mwezi wa nane, lilikuwa limemkwama mara nyingi.

Alipoingia kwenye ploti, Caren, mama Trizah, alikuwa ameinama kwenye jiko nje ya mlango wake akigeuza chapati. Ndani kulikuwa na kuku. Harufu yake ilikuwa imeshatoka kuwasalimu wapita njia.

"Mzee! Mbona mapema hivyo? Valentine amekushibisha?"

"Wee! Huyo mtoto alitaka kuniua na chakula."

"Basi utaonja chapati yangu hata moja."

"Asante mama Trizah. Hata pa kuweka maji hakuna."

Alikusudia kupita moja kwa moja hadi chumba chake cha mwisho, ajilaze mpaka njaa ichoke yenyewe. Lakini Trizah, msichana wa miaka sita mwenye mapengo mawili na amri za mkuu wa wilaya, alikuwa ameshamshika mkono. "Mzee, katuni inaanza! Watoto wote wako ndani. Twende utuambie wanasema nini."

Hapo hakuwa na pa kukimbilia. Dalmas, baba Trizah, ndiye aliyekuwa na televisheni peke yake katika ploti ile, kisanduku cha picha nyeusi-na-nyeupe kilichokula betri ya gari. Kila Krismasi kituo kilionyesha katuni mpya ya kigeni, na kila Krismasi betri ilikata roho kabla katuni haijafika mwisho. Kiingereza cha wanyama wa katuni hizo kilipita masikio ya watoto kama upepo. Mwaka uliopita Walubengo, aliyefanya kazi miaka mingi kwa Mzungu mmoja katika mtaa wa Karen, alijitolea kuwafasiria. Tangu siku hiyo, katuni bila Mzee Walubengo ilikuwa chai bila sukari.

Akatia kijiti mfukoni, akaketi juu ya debe lililogeuzwa, watoto wakamzunguka. Dalmas, fundi wa mawe mwenye mikono mikubwa, alikuwa amesimama akishikilia antena kwa unyenyekevu wa mtu anayeshika mtoto wa mwenzake.

Kwenye kioo kukatokea nchi nyeupe, miti myeupe, mapaa meupe.

"Hiyo ni unga?" akauliza mtoto mmoja.

"Ni theluji," Walubengo akasema. "Barafu inayonyesha."

"Mimi naona ni unga," Trizah akakata shauri. "Hao watu wana unga mpaka kwa barabara, na hakuna mtu anasonga ugali. Si ni ujinga?"

Walubengo alicheka pamoja nao, na kicheko kikampitia tumboni kikauma. Akautazama ule weupe, naye pia, Mungu amsamehe, akaona unga.

Akatokea panya. Mdogo, amejifunga skafu iliyochanika, akikokota miguu katika theluji. Watoto wakaguna, kwa kuwa wao walikuwa wakiwajua panya wa Kibera kwa majina. "Huyu huku kwetu angepewa dawa!" mmoja akasema. Panya akafika mlango wa kwanza, akabisha. Bata aliyevaa aproni akafungua. Panya akavua kofia, akanong'ona neno moja la Kizungu, fupi, jepesi, ambalo hata mwanafunzi wa chekechea hujifunza mwezi wa kwanza.

"Amesema nini, mzee?"

Walubengo akafungua mdomo. Lile neno likamfika kooni, likasimama pale pale lilipozoea kusimama.

"Anasema... anapita tu. Amekuja kuwatakia sikukuu njema."

Bata akatikisa kichwa, akafunga mlango. Panya akaketi kizingitini, machozi makubwa yakimdondoka.

"Kama anapita tu, mbona analia?" Trizah akauliza.

"Ni baridi."

"Na mbona anashika tumbo?"

Huko mlangoni, sauti ya chapati kwenye kikaango ilikuwa imenyamaza. Walubengo akageuka. Caren alikuwa amesimama na mwiko mkononi, akimtazama yeye badala ya televisheni. Ndipo akakumbuka kwamba Caren alikuwa akifanya kazi ya nyumba Lavington, kwa watoto wawili wasiojua lugha yoyote ila ile ya kwenye kisanduku, na kwamba neno lile alikuwa akiimbiwa kutwa kucha. Caren akainama tena kwenye jiko lake.

Mlango wa pili ulikuwa wa sungura, naye alikuwa na wageni wake. Wa tatu ulikuwa wa kindi, aliyefungia njugu zake kwenye kabati na kusema aje kesho. Kila mlangoni panya alirudia neno lile lile, na kila mlangoni Walubengo akalizunguka: anauliza njia, anatafuta ndugu yake, anaulizia kazi. Sauti yake ilizidi kupungua. Watoto walianza kutazamana. Hadithi ilikuwa haishikani, na watoto hawadanganyiki kwa hadithi. Hudanganyika kwa mambo mengine yote.

Panya akafika mlango wa mwisho, kibanda cha fuko mzee mjane. Ndani, mezani, kulikuwa na nusu ya mkate. Fuko akafungua. Panya akavua kofia, akainua uso, na picha ikaanza kujikunja, ikawa ukanda, ikawa nukta, ikazimika.

"Aaaah!" ploti nzima ikalia. Dalmas akapiga kisanduku kofi, akatikisa waya za betri. Wapi.

"Malizia, mzee," akasema, akiziachia waya. "Wewe ndiye unawajua hao watu."

Walubengo hakuujua mwisho; hakuna aliyewahi kuona mwisho wa katuni yoyote. Macho ya watoto yalikuwa juu yake, yakisubiri kwa imani ile inayotisha. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema panya alikuwa amepotea tu, fuko akamwonyesha njia, wakaagana. Kisha naye ainuke, aage, aende kulala. Lakini alimfikiria yule panya, amebisha milango yote katika baridi ile, halafu afike mwisho wa nguvu zake na mtu amnyime hata neno lake mwenyewe. Akaona huo ni unyang'anyi.

"Huyo fuko akamuuliza, mgeni, unataka nini," akaanza polepole. "Panya akataka kusema anapita tu. Alikuwa amezoea kusema hivyo. Mama yake alimfunza hivyo. Lakini miguu ilikuwa imeisha. Basi akasema..."

"Akasema nini?"

"Akasema, nina njaa."

Haikuwa sauti ya panya. Watoto wenyewe walisikia, maana hakuna aliyecheka. Walubengo aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake. Aibu aliyoitarajia miaka sitini ilikuja, ikasimama kidogo, na kumbe haikuwa kubwa kama ilivyosifiwa. Ilikuwa ndogo tu. Ilipita.

Caren aliingia na sahani, akaiweka magotini pake bila kumwambia karibu, kama inavyowekwa ya mtu wa nyumbani. Chapati mbili zilizokunjwa, mchuzi, kipande cha kuku. Dalmas akanyoosha kijiko kwenye sufuria, akaitafuta firigisi, ile ambayo Bungoma kwa akina Walubengo na hata kwao Dalmas ziwani huwa ya mwenye mji pekee, akaitia juu ya chapati.

"Hii ni yako, Dalmas," Walubengo akanong'ona. "Mwenye mji ni wewe."

"Leo niko upande wa watoto, baba. Kula."

Walubengo akamega chapati, akachovya, akaweka mdomoni, na utamu ule ukamtoa machozi ambayo hakujisumbua kuyaficha. Akamega tena. Akaiuma firigisi. Caren akawagawia watoto wote vipande vya chapati, vidogo lakini vya kila mtu, na chumba kikawa na sauti ya kutafuna tu.

Trizah alimvuta mkono wa shati.

"Mzee. Halafu?"

Walubengo akainua kidole, akimwomba angoje.

"Mzee, halafu panya akafanya nini?"

"Bado anakula," akasema, mdomo umejaa.