Kavu, Afande

Sajini Okwir alijua kukagua, hilo nampa. Miaka kumi na tisa alikuwa askari magereza, akihesabu wafungwa asubuhi na jioni bila kukosea hata kichwa kimoja. Ubaya ni kwamba ukaguzi huo alirudi nao nyumbani, kwenye nyumba za askari upande wa Port Bell. Kila alfajiri alisimama mlangoni pa chumba cha binti yake Akullo, mtoto wa miaka kumi na miwili. Akullo naye alisimama kando ya kitanda, mikono ubavuni, akatoa ripoti: "Kavu, afande!"

Kama si kavu, vilikuwa viboko, kisha godoro kichwani, azunguke nalo uwanja mzima huku watoto wa majirani wakimfuata na kuimba, kikojozi, kikojozi. Na aliyewaita waje kuimba ni Okwir mwenyewe. Ndiyo, baba mzazi! Eti aibu itamponya. Loo, haikumponya. Ilimfundisha kulala sakafuni, kufua matambara kwa siri na kusema uongo bila kupepesa jicho.

Kilichowapeleka hospitali kilikuwa kichwa. Akullo akikohoa au akicheka, kisogo kilimgonga mpaka ashike ukuta. Vidole vikaanza kufa ganzi, vikombe vikamponyoka. Mama yake, Moreen, akasema sasa imetosha, na kwa kuwa yeye alikuwa na kichanga mgongoni, Okwir akaenda na mtoto peke yake, na sare yake mwilini.

Daktari wa upasuaji aliitwa Lailah. Alikuwa amezaliwa na kukulia katika kambi ya askari, wanakosema Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili hakikumpiga chenga. Aliwaonyesha picha ukutani.

"Hapa kisogoni, sehemu ya chini ya ubongo imeshuka kwenye tundu la fuvu. Imebanwa. Ugonjwa huu unaitwa Chiari. Tunaweza kupunguza mfupa hapa nyuma, ubongo upate nafasi. Ni operesheni kubwa, lakini tunaifanya."

"Basi fanyeni, daktari."

"Taratibu, mzee. Kuna mgongo pia." Akagusa picha ya pili. "Ndani ya uti wa mgongo kuna kamba ya neva. Huku chini nashuku imeshikwa, haiko huru, inavutwa. Lakini picha haisemi wazi. Kama kweli imeshikwa, nitaanza huko kiunoni, niiachie, ndipo tuone kisogo kinataka nini. Kama haijashikwa, nitakuwa nimempasua mtoto mgongo bure. Kwa hiyo nitaamua kwa dalili, na dalili mnazijua ninyi."

Akamgeukia Akullo. "Mama, niambie. Mkojo unakutoka bila kujua? Usiku? Shuleni?"

Akullo alinyooka pale kwenye kiti, mikono ubavuni.

"Kavu," akasema.

Kalamu ya daktari ikaanza kuandika. Okwir alihisi jasho likimtiririka chini ya sare. Angenyamaza tu, nani angejua? Mtoto angepasuliwa kisogo, mgongo ungeachwa ulivyo, na sajini angerudi kambini na heshima yake yote. Niwaambie kweli, alinyamaza. Alinyamaza mpaka mstari ule ukaisha na daktari akafungua ukurasa mwingine. Ndipo akaona mtoto bado amenyooka vilevile, mikono ubavuni, akisubiri ukaguzi uishe.

"Daktari, futa hiyo."

"Nifute nini?"

"Anajikojolea. Tangu ana miaka saba. Karibu kila usiku, na siku hizi nadhani hata mchana."

"Na hamkumleta?"

"Tulidhani ni uvivu." Akajirekebisha. "Nilidhani. Mama yake alitaka tumlete, nikamwambia anamdekeza."

Daktari Lailah hakumfokea, na afadhali angemfokea. Alieleza polepole kwamba neva za kibofu ndizo zinazovutwa hukohuko chini, kwamba mtoto hakuwa na uwezo wa kuzuia mkojo hata angeamriwa na jenerali. Sasa angempima kibofu wiki hiyohiyo, na kipimo kikikubaliana na maneno haya, wangeanza na mgongo.

"Mkishaiachia, mkojo utakoma?" Okwir aliuliza.

"Sikudanganyi, mzee. Tunaiachia ili hali isizidi kuharibika. Kilichokwisha kuharibika huenda kirudi, huenda kisirudi. Miaka mitano ni mingi. Angeletwa mapema..." Akamtazama mtoto, akaacha maneno hapo.

Okwir alitamani sakafu ipasuke immeze. Miaka mitano! Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Wafungwa wake ndivyo wanavyosimama mbele ya bwana mkubwa, na alilijua hilo, na aliona ndiyo saizi yake.

"Nilimpiga," akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Kila alipolowesha, daktari. Nilimpiga, nikamtembeza na godoro watu wamwone. Andika na hiyo."

"Hapana, daktari!" Akullo alidakia haraka. "Baba hanipigi. Nilianguka."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari ya kuanguka. Kalamu ya daktari ilisimama.

"Nilianguka kwenye ngazi," Akullo akasema tena, akamgeukia baba yake kuona kama amejibu vizuri.