Chini ya Roshani Mpya

Mama mkwe alifika mapema na hakutaka hata chai. Alitaka kuonyeshwa mtaa wa zamani, jengo kwa jengo, kama marehemu binti yake alivyokuwa akiwatembeza wageni hadi siku roshani ilipomwangukia.

"Nipitishe alikopita, mwanangu."

Fundi cherehani akavaa viatu shingo upande. Miaka yote ya ndoa, mkewe alimsihi aje japo mara moja asikie kazi yake, naye kila mara alikuwa na nguo ya mtu mashineni.

Wakaanzia kwenye mnara wa saa.

"Hapa alisemaje?"

"Alisema... ni mnara wa siku nyingi."

Lango la mawe nalo likawa la siku nyingi. Walipofika mbele ya mahakama ya zamani, kuta zikibambuka chokaa, mama akamwahi.

"Ya siku nyingi, nimeelewa." Akamtazama. "Hujui alichowaambia wageni, mwanangu."

"Sijui, mama."

Hakumkaripia. Afadhali angemkaripia.

Kinyozi aliyekuwa akifagia nywele mlangoni pake aliwasikia.

"Nyie ni watu wa yule dada?" Akawapa pole, akaegemeza ufagio ukutani, akaonyesha kidirisha juu ya mlango wa mahakama. "Alikuwa anasimama hapo hapo. 'Mabibi na mabwana, dirisha lile alilitoboa karani, ili akimwona mkewe anakuja apate muda wa kujifanya ana kazi.' Wageni hoi kwa kicheko. Yeye hacheki hata kidogo, anawaambia twendeni."

Mama alicheka hadi akashika tumbo, kisha kicheko kikageuka kwikwi. Fundi alisimama kando, mikono ikimning'inia kama si yake. Karani huyo alimjua vizuri; alikuwa na cherehani.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye kona. Roshani ilishajengwa upya, mbao zikinuka rangi, na mtu alikuwa ameanika shuka juu yake. Mama akaenda kusimama chini yake, akainua uso.

"Njoo."

"Siwezi, mama."

Akabaki ng'ambo ya barabara, macho kwenye vidole vya miguu yake, hadi mama aliporudi na kumshika mkono. Wakapita uchochoro wa nyuma.

"Kesho narudi kwangu," mama akasema walipotokea barabara kubwa, akiuachia mkono wake. "Usijisumbue kunisindikiza."