Aliyepona Mapema

Chumba cha mahojiano ya waomba hifadhi kilikuwa na viti vya maana kwa ajili ya maafisa na benchi moja bovu kwa ajili ya wenye shida. Mrefu aliambiwa akae katikati ya benchi, pale ubao ulipopasuka. Akakaa, magoti yakampanda hadi karibu na kidevu, maana jina lile hakupewa bure. Mshauri aliruhusiwa kuingia kwa sharti kwamba akae nyuma na afunge mdomo wake. Akakaa nyuma, akafunga mdomo, akabaki kuitazama shingo ya kijana wake. Ilikuwa imetulia, haina hata tone la jasho, naye akafurahi peke yake kule nyuma.

Na alikuwa na haki ya kufurahi, jamani. Kijana huyu alipoletwa kwenye kituo cha wakimbizi na mama yake mdogo, alikuwa si mtu wa kukaa kwenye benchi lolote. Kule kwao walimkamata kwa kosa la kaka yake, aliyegawa vipeperushi kisha akatoweka. Walipomkosa mkubwa wakamchukua mdogo, bado na sare ya shule. Walimfungia kwenye chumba chenye pipa la maji, wakawa wanamshika shingo na kumzamisha, wakimtoa wanamuuliza kaka yuko wapi, akisema hajui wanamrudisha. Alipovuka mpaka alikuwa mzima kwa kumtazama. Lakini bomba likifunguliwa nyumba ya jirani, yeye yuko chini ya meza. Alikuwa haogi, anajipangusa kwa kitambaa kikavu. Na balaa lenyewe ni kwamba mama mdogo aliyempokea anaishi kwa kufua nguo za watu, kutwa nzima mabeseni na ndoo.

Mshauri alikuwa anatolea ushauri nasaha kwenye stoo ya kituo, katikati ya maboksi ya viatu vya msaada ambavyo vingi vilikuja vya mguu mmoja. Humo ndimo alimofundisha Mrefu kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, kutoa pumzi polepole, kutaja anachokiona mbele yake, kisha kusimulia kidogo na kusimama, kusimulia kidogo na kusimama. Mwanzoni kikombe cha maji kilikaa mbali dirishani. Kisha kikasogea mezani. Kisha kikaingia mkononi mwa Mrefu, kikatetemeka, kikamwagika, wakacheka, wakajaza kingine. Ilichukua miezi. Halafu siku moja kijana akaingia amelowa kichwa chote, matone yanamdondoka mabegani.

"Anti," akasema, "nimeoga kama watu!"

Mshauri alijifanya anatafuta kitu nyuma ya maboksi, kumbe anafuta machozi.

Basi sasa siku ya mahojiano ndiyo hii, na Mrefu anasimulia. Alianza mwanzo, akapita katikati, akafika mwisho. Alipofika kwenye pipa alinyamaza kidogo, akakanyaga sakafu, akaendelea. Mwenyekiti wa jopo, mzee mmoja wa suti mwenye tabia ya kutafuna kijiti cha kiberiti, alimsikiliza kichwa upande.

"Walikuzamisha, unasema."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe hapo."

"Mimi, mzee."

"Pole. Koo litakuwa limekauka, umeongea sana. Utakunywa maji?"

"Nashukuru, mzee. Nitakunywa."

Karani akamimina. Mrefu akapokea glasi kwa mikono miwili, akanywa yote bila kupumzika, akaiweka mezani taratibu. Kisha akageuka kumtafuta Mshauri kwa macho, na uso wake ulikuwa umechanua kama wa mtoto aliyeongoza darasa. Mshauri nusura apige makofi. Hakuwaona maafisa walivyotazamana. Mwenyekiti alitoa kijiti mdomoni, akaandika kitu kifupi, akafunga faili.

Majibu aliyaleta wakili wa kituo, kijana mwenye tai moja na kesi zisizokwisha. Alisimama mlangoni mwa stoo, hakutaka kukaa.

"Wamemkataa."

"Wamemkataa kwa lipi?"

"Wanasema mtu aliyezamishwa hawezi kunywa maji namna ile, kama yuko harusini. Na maelezo yamenyooka mno. Ati yamekaririwa."

"Yamenyooka kwa sababu tumeyanyoosha! Ndiyo kazi yangu!"

"Najua, dada. Na ndiyo iliyomponza."

Mshauri alikaa juu ya boksi. Akauliza kama anaweza kwenda mwenyewe akawaeleze kijana alivyokuwa, chini ya meza na yote. Wakili akatikisa kichwa. Taarifa yake ilikuwa kwenye faili, waliisoma, wakasema mshahara wake unatoka hapo hapo kituoni, angesema nini kingine? Imebaki rufaa, na rufaa ni moja tu. Akishindwa hapo anapandishwa basi na kukabidhiwa mpakani kwa wale wale.

"Sasa unanishauri nini?" akauliza Mshauri.

Wakili alianza kujikuna shingo. "Mimi ni mtu wa sheria, mambo ya akili siyajui. Lakini ukiniuliza, angepewa kibali kwanza, halafu ndiyo apone."

Akaondoka haraka, maana ana kesi nyingine.

Mama mdogo alikuja kesho yake, vidole vimekunjamana na kuwa vyeupe kwa sabuni. Huyu alikuwa mwanamke wa kusema, mwenye mdomo wa kununua ugomvi sokoni na kuondoka na chenji. Siku hiyo alisema polepole.

"Dada yangu, mimi sikusoma. Nilikuletea mtoto anatetemeka, ukanirudishia mtu. Siku alipofua nguo zangu mwenyewe, akatia mikono kwenye beseni, nilipiga vigelegele peke yangu uani mpaka majirani wakadhani tumeshinda bahati nasibu. Mungu akulipe. Sasa nakuomba unirudishie yule wa kwanza. Kwa siku moja tu."

"Mama, mtu hazimwi na kuwashwa kama taa."

"Nani anajua hilo? Mimi najua, wewe unajua. Wao je?"

"Anaweza asirudi tena."

"Kule mpakani ndiko watu wasikorudi." Akafuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Dada yangu alinizalia watoto wawili wa kuniita mama. Mmoja sijui hata kaburi lake. Nimebaki na huyu."

Mshauri alisukuma boksi kwa mguu. Alikuwa na hasira, tena hasira ya kutaka kuvunja kitu, na mbele yake hakukuwa na mtu wa kukasirikiwa ila mwanamke mfuaji na maboksi ya viatu.

Mrefu mwenyewe, alipoelezwa, alicheka. "Kwani shida iko wapi, anti? Nitaigiza. Shuleni nilikuwa kwenye mchezo wa kuigiza. Niliigiza maiti, watu wakalia kwelikweli." Akasimama katikati ya stoo, akalegeza midomo, akazungusha macho, akatikisa mikono kama mtu aliyeng'atwa na siafu. Mshauri alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikawaishia wote kwa pamoja, maana wote wawili walijua ule mtetemeko wa kweli ulivyo. Ule hauanzii mikononi. Unaanzia tumboni, unapanda kwenye taya, na mwenyewe hana habari nao. Maafisa wameshaona watu wengi, watamshika uongo hata kabla hajakaa.

Mrefu akakaa kwenye kiti chake.  Kisha akanyanyuka, akachukua ndoo ya kupigia deki iliyokuwa kwenye kona, akatoka nayo. Mshauri akasikia bomba la uani. Kijana akarudi na ndoo imejaa, akaiweka sakafuni, akapiga magoti mbele yake.

"Nishike shingo, anti."

"Inuka."

"Usinizamishe. Nishike tu. Mkono ukikaa hapo, mengine yatakuja yenyewe, mimi nayajua."

"Nimesema inuka. Mimi siwezi kukufanyia hivyo, unanisikia? Mimi?"

"Usiponishika wewe, watanishika wao." Hakuwa anamtisha, alisema kwa sauti ile ile aliyofundishwa, ya kutoa pumzi polepole. "Wewe angalau nikilia utaniachia."

Mshauri alisimama pale na mikono yake miwili. Aliutazama mlango, alitazama maboksi, alimwita Mungu moyoni na hakujua anamwomba nini. Mwisho akapiga magoti kando ya kijana. Mkono wa kulia, ule aliokuwa akimwekea begani anapomaliza kusimulia, akauweka nyuma ya shingo yake. Hakubonyeza. Aliuhisi moyo wa Mrefu ukianza kwenda mbio chini ya vidole vyake, na maji yakaanza kucheza ndani ya ndoo kwa sababu kijana alikuwa amezishika kingo. Taya zikagongana. Alipotoa sauti, Mshauri akaondoa mkono kama ameungua.

"Bado," Mrefu akasema. "Bado sijafika, anti. Tena."

Walifanya hivyo siku ile, na siku iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo. Siku ya mwisho Mrefu hakusema "tena". Hakusema kitu. Mama mdogo alikuja kumchukua, akamfunika kanga kichwani, wakaondoka wakipita upande wa barabara usio na bomba.

Kwenye rufaa Mrefu hakulifikia hata hilo benchi. Karani alikuwa anammiminia mwenyekiti maji, kama kawaida ya kila siku, na sauti ile ilitosha. Kijana alianguka, akaingia chini ya meza ya maafisa na urefu wake wote, akakunjamana kati ya viatu vyao vilivyopigwa rangi, akajikojolea, akawa anamwita kaka yake kwa jina na kumwomba amwambie alipo ili wamwachie. Mama mdogo alijitupa chini kumfuata. Afisa mmoja alitoa leso. Mwingine alisimama dirishani, akawapa mgongo. Mwenyekiti alibaki amekaa, kijiti kimesimama mdomoni, hakitafunwi.

"Huyu sasa anaeleweka," akasema hatimaye. "Mbona siku ile hakutueleza hivi?"

 Uamuzi ulitoka kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo wakili aliapa hajawahi kuliona tangu aanze kazi. Mrefu amekubaliwa. Ana ruhusa ya kuishi, kufanya kazi, kusoma, kwenda popote atakapo. Karani alimpongeza mama mdogo kwa kumpa mkono. Mwenyekiti alipotoka alimkuta Mshauri kwenye korido, akasimama bila kumkumbuka. Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, na hilo ndilo lililomkera Mshauri kuliko yote.

"Mama, huyu kijana ameumizwa vibaya. Hamna mtu wa kumpa ushauri nasaha? Msimwache hivi hivi."

"Yupo," Mshauri akasema.

"Basi mpelekeni. Mapema."

Mrefu hakwenda. Mara ya kwanza mama mdogo alimfikisha hadi geti la kituo, kijana akageuka akakimbia. Ikabidi Mshauri amfuate nyumbani. Alimkuta amekaa kati ya kabati na ukuta, ananuka, ndevu zimemwota hovyo, kibali chake kimebandikwa juu ya kitanda kwa gundi ili kisipotee. Alipomwona anaingia, kijana aliinua mikono yote miwili akafunika shingo. Mshauri akaketi mlangoni, mbali, mikono imefichwa ndani ya kanga. Akamwambia akanyage sakafu. Akamwambia ataje anachokiona. Mrefu alimtazama tu. Huko nje mama mdogo alikuwa amehamishia mabeseni yake kwa jirani wa nyumba ya tatu, na jirani ameanza kulalamika.

"Usijilaumu, dada," mama mdogo akamwambia wakati wa kumsindikiza. "Yuko hai na ana karatasi. Mengine tutahangaika nayo." Kisha akaingia ndani, na Mshauri akamsikia akilia.

Jumatatu Mshauri alichelewa kazini. Alikuta benchi la nje ya stoo limejaa, na wengine wamesimama ukutani hadi karibu na choo. Kwa kawaida wiki nzima hawafiki watu kumi, tena wanakuja kwa kuburutwa. Hawa walikuja wenyewe, wameoga, wamevaa vizuri, kila mzazi na mwanawe, kila shangazi na wake. Wa kwanza kunyanyuka alikuwa mwanamume mmoja wa makamo, kofia mkononi, pembeni yake binti wa kama miaka kumi na saba aliyekuwa akicheka na simu.

"Tumesikia habari zako," mwanamume akasema, akashusha sauti. "Za yule kijana mrefu. Mama yake mdogo hakutuficha. Na sisi kikao chetu ni wiki ijayo."

"Binti ana shida gani?"

"Hana." Akamtazama binti. "Ndiyo shida yenyewe, dada. Usiku analala. Redio anasikiliza. Majuzi wanaume walibisha hodi usiku, akaenda kufungua mwenyewe. Amepona." Akamshika Mshauri mkono kwa mikono yake miwili. "Tusaidie. Nimeambiwa wewe unajua jinsi ya kuwarudisha."

Mshauri alitaka kuuvuta mkono wake, haukutoka. Nyuma ya mwanamume, foleni nzima ilikuwa imenyamaza ili isikie atakachojibu.

Binti aliweka simu mfukoni, akasogea mbele, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, anti," akasema kwa tabasamu. "Nikae wapi?"