Mnyororo Mfupi

Kwa miaka miwili Aliya Farah, fundi wa kompyuta wa mkataba wa shirika moja la afya, alikuwa na jibu moja kwa kila simu iliyokataa: weka tarehe sawa. Na kwa miaka miwili jibu hilo lilikuwa la kweli. Ndiyo maana lilipoacha kuwa la kweli hakuna aliyelishuku, hata yeye mwenyewe.

Simu zenyewe zilikuwa kuukuu. Wahudumu wa afya wa jamii wa upande wa Uriri walipewa mpya, zikiwa bado na nailoni kwenye kioo. Wa Kosele wakapewa za kuchangwa, zilizokwisha kutumiwa na watu wa nchi nyingine mpaka wakazichoka. Betri zake zilikuwa hoi. Simu ya namna hiyo ikizimika husahau mwaka; ukiiwasha inakwambia leo ni Januari mosi ya zamani, wakati kifungua mimba wako alikuwa angali ananyonya. Na simu isiyojua leo ni lini haiamini cheti cha seva yoyote, yaani hati ya kuitambulisha kompyuta inayopokea maombi, maana kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Basi inatoa onyo jekundu na kufunga mlango.

Helen, mhudumu wa Kosele, mjane wa miaka hamsini na kitu, alilijua onyo hilo kama anavyojua njia ya kisimani. Alikuwa akipiga simu Migori, kwenye ofisi ya Aliya juu ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yake, mzee Farah. "Aliya nyathina, mwanangu, imekataa tena." Naye Aliya hujibu, "Weka tarehe sawa, Mama Helen." Dakika mbili baadaye programu inafunguka, na Helen anatuma ujumbe wa shukrani wenye maua. Aliya aliwagawia wahudumu madaftari, akawaambia kila wakirekebisha tarehe waandike siku na saa, apate ushahidi wa kuombea betri mpya. Wengi waliandika wiki moja wakachoka. Helen hakuchoka.

Programu hiyo ilikuwa na kazi moja tu: kuita gari la wagonjwa. Mhudumu anabonyeza, ombi linafika kwenye seva, dereva analiona, anatoka. Bila ombi gari halitoki. Matiko, dereva wa gari la Kosele, aliwahi kumbeba mgonjwa kwa kupigiwa simu tu, akasimamishwa kazi miezi mitatu kwa kutumia gari la shirika bila idhini. Aliporudi hakurudia. Mtu akiumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Ilikuwa Februari, mwaka wa elfu mbili ishirini na nne. Usiku wa kuamkia Jumatano cheti cha seva kilihuishwa. Hakuna aliyekigusa, ipo programu inayofanya kazi hiyo yenyewe kila baada ya siku sitini, na Aliya aliisifu kwa sababu haikuwahi kumwangusha. Safari hii nayo haikukosea. Ilifanya ilivyoambiwa, na ambacho haikuambiwa ikachagua yenyewe.

Jumatano mchana Helen alipiga. "Imekataa."

"Weka tarehe sawa, Mama."

"Nimeangalia. Ni kama iko sawa."

"Angalia mwaka, si siku tu. Izime, iwashe, weka upya."

Wahudumu wengine wawili wa Kosele walilalamika siku hiyo. Aliya aliwatumia ujumbe uleule aliokuwa ameuhifadhi tayari, ili asichoke kuuandika. Kisha akafungua programu kwenye simu yake, mpya, na ikafunguka mara moja. Mafundi wana ugonjwa wao huu, na sijui daktari wake: taa ikiwaka kwao, basi imewaka dunia nzima.

Alhamisi Aliya alikuwa Isebania, mpakani, juu ya ngazi, anafunga kamera kwenye duka la mbadilisha fedha anayetazamana na malori ya Sirare. Saa sita na dakika ishirini simu yake ikalia. Aliibana kwa bega.

"Aliya, niko na mama hapa, amezaa, damu inatoka, haikatiki. Imekataa!"

"Umeweka tarehe?"

"Nimeweka! Mara tatu!"

"Mama Helen, tulia. Ukiwa na haraka unakosea mwaka. Weka tena polepole. Kwangu inafunguka, netiweki iko sawa."

"Sawa, nyathina."

Sawa, nyathina. Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa, na sauti haikuwa na hata chembe ya lawama. Aliya akarudi kwenye skrubu zake.

Mama aliyejifungua aliitwa Mong'ina, msichana wa Kisii aliyeolewa Kosele na Javan, mkulima wa viazi vitamu. Mtoto alitoka salama. Damu haikukatika. Gari lilikuwa limeegeshwa mwendo wa robo saa kutoka pale, tangi limejaa, na Matiko amekaa kwenye usukani akiitazama skrini. Helen alikuwa amempigia. "Tuma ombi, Mama," alimwambia, "nikiliona tu natoka. Tuma tu." Saa saba kasoro kumi Helen aliacha kuhangaika na simu, akasimamisha bodaboda, wakampakia Mong'ina katikati ya dereva na mumewe. Alikata roho kabla ya kufika lami.

Habari zilimfikia Aliya Alhamisi jioni. Asubuhi ya Ijumaa alifungua droo, akatoa simu moja ya aina ile ya Kosele iliyopasuka kioo, akaichaji. Aliweka tarehe. Siku sawa, mwezi sawa, mwaka sawa. Akafungua programu.

Onyo jekundu.

Alikaa akilitazama. Kisha akaivuta kompyuta karibu.

Sababu aliipata kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha yai, kwa kuwa alikuwa akiijua. Seva ikiitembelea simu haipokelewi hivi hivi; hujieleza kama mgeni anavyojieleza kwenye boma la watu. Mimi ni fulani, mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, mpaka afike kwenye jina ambalo mwenyeji analijua. Hapo ndipo kiti kinatolewa. Huo ndio mnyororo wa vyeti. Watoaji wa vyeti walikuwa na minyororo miwili. Mmoja mfupi, unaoishia kwa babu mpya ambaye simu za sasa zote zinamjua. Mwingine mrefu, unaopanda kizazi kimoja zaidi hadi kwa babu wa zamani, yule pekee ambaye simu za Kosele zilizaliwa zikimfahamu. Mwezi huo walikuwa wameacha kuutoa mrefu kama kawaida. Aliyeutaka alipaswa kuomba, kwa mstari mmoja tu kwenye mipangilio, kulitaja jina la babu.

Na walitangaza. Tangazo lilimfikia kwa barua pepe Julai ya mwaka uliotangulia. Alilisoma, akalielewa, akazikumbuka simu za Kosele, akaliwekea nyota ya manjano ili alishughulikie. Ajizi nyumba ya njaa, wazee walisema. Hawakusema kwamba njaa yenyewe huweza kumla mtu wa nyumba nyingine.

Aliandika mstari ule. Akaiamuru programu ihuishe cheti upya. Akaishika simu iliyopasuka, akabonyeza, na ukurasa ukafunguka, mweupe, na kitufe chake kikubwa cha kijani. Kazi yote, dakika nne.

Mchana Nicodemus, mratibu wa shirika, alimpigia kutoka Homa Bay. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na maneno yaliyopigwa pasi. "Rekodi za seva zinasema nini kuhusu Alhamisi?"

"Hakuna ombi lililofika kutoka Kosele," Aliya alisema.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi nichapishie hiyo. Jumanne tuna kikao. Na mkataba wako unakuja mezani mwezi ujao, usisahau."

Alichapisha. Karatasi ilikuwa ya kweli kila mstari, na ilikuwa uongo mtupu. Seva huandika wageni waliofika ndani. Simu iliyokataa mlangoni haiandikwi popote. Aliya alilijua hilo, akaikunja karatasi, akaitia mkobani. Aliogopa. Niseme ukweli, si kwamba alikuwa akitafuta wakati mzuri wa kusema. Aliogopa tu, usiku nne mfululizo, na kila asubuhi aliamka akiwa na sababu mpya ya kunyamaza.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha chanjo cha zahanati. Nicodemus alikaa mezani. Javan alikaa karibu na dirisha, amevaa koti la kuazima, mtoto ameachwa kwa bibi. Helen alikaa peke yake kwenye benchi, daftari mapajani.

Nicodemus alisoma karatasi ya Aliya kwa sauti. Hakuna ombi. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua daftari la Helen, akasoma: "Alhamisi. Saa sita na dakika kumi, nimeweka tarehe. Sita na kumi na nne, nimeweka. Sita na kumi na nane, nimeweka." Aliendelea hadi saa saba kasoro kumi na mbili. Mara tisa. Mwandiko wa mwisho ulikuwa na alama ya kidole, ya rangi ya kutu.

"Dakika arobaini," alisema. "Mama anavuja damu, na mhudumu wetu anachezea simu."

Mnyonge hana haki, na mbaya zaidi ni mnyonge anayekubali. Helen alisimama. "Ni makosa yangu," alisema. "Aliya alinifundisha vizuri. Alisema nisiwe na haraka. Mimi mkono ilikuwa inatetemeka, nafikiri mwaka niliweka vibaya kila saa. Javan, wuod Kosele, kijana wetu, nisamehe. Mimi ndio nilikuwa na hiyo simu."

Javan hakumtazama. "Nilikwambia tuchukue pikipiki," alisema. "Nilikwambia mapema."

"Ulisema. Mimi nikasema ngoja, gari iko na dawa, pikipiki haina."

Nicodemus alifungua kalamu. Akatangaza kwamba Helen angeachishwa kazi, na barua ingesomwa kwenye baraza ili watu wajue shirika limechukua hatua. Aliya alimwona akianza kuandika tarehe pembeni ya karatasi. Akasimama.

"Hakuweka mwaka vibaya," alisema.

Nicodemus aliinua macho. "Aliya, kaa."

"Sikai. Simu ilikuwa sawa. Tarehe ilikuwa sawa mara zote tisa. Seva ndiyo ilijitambulisha kwa jina ambalo simu za huku haziwezi kulijua. Hata angeweka tarehe mpaka leo, isingefunguka." Aliwaeleza habari ya mgeni na boma, babu mpya na babu wa zamani, na katika chumba kile hakuna aliyehitaji kurudiwa. Aliwaambia pia kwamba udhamini wa babu wa zamani nao muda wake unakwisha Septemba, na baada ya hapo hakuna mstari utakaoziokoa simu zile, lazima zibadilishwe. Nicodemus hakuliandika hilo.

Javan aligeuka kutoka dirishani kwa mara ya kwanza. Aliongea polepole, kama mtu anayepima ardhi kwa hatua.

"Hiyo kitu ya kuandika, ili mgeni ataje huyo babu. Ni kubwa?"

"Ni mstari mmoja."

"Ulijua lini kwamba inatakiwa?"

"Julai. Mwaka jana."

"Na uliandika lini?"

"Ijumaa."

"Mong'ina alikufa Alhamisi," Javan alisema. Hakupandisha sauti. Alivua lile koti la kuazima, akalikunja mkononi, akatoka nje.

Nicodemus alikifunga kikao kwa maneno ambayo Aliya hakuyasikia, isipokuwa neno mkataba. Watu walitoka mmoja mmoja. Aliya alibaki amesimama, akingoja Helen amzabe kofi, amlaani kwa Kijaluo, afanye lolote. Angeshukuru.

Helen alikuwa ameitoa simu mfukoni. Aliifuta kioo kwa kanga, akamsogelea, akaishika karibu na uso wake, vilevile alivyofundishwa siku ya kwanza ya mafunzo.

"Niangalilie," alisema. "Tarehe iko sawa?"

Aliya aliangalia. Siku, mwezi, mwaka. "Iko sawa, Mama Helen."

"Na siku ile?"

"Ilikuwa sawa."

"Hata ile ya kwanza? Ya saa sita na kumi?"

"Hata ile ya kwanza."

Helen alitikisa kichwa taratibu. Alilichukua daftari mezani, akalifungua kwenye ukurasa wa Alhamisi, akahesabu kwa kidole mistari minane iliyofuata ule wa kwanza.

"Basi huyo mtoto," alisema, "ningejua tarehe iko sawa, mamake ningempandisha pikipiki saa sita na kumi."