Pumzi Kwenye Wimbi la Mchomeleaji

...la, mwenzake hajazima, angezima kelele za hewani zingerudi, na sindano ya redio imesimama wima kama askari wa gwaride, maana AM, urushaji ule wa kizamani, si mchezo, Fundi amewaambia watu miaka nenda rudi, hao wa mitindo mipya wanaongea kama bata aliyebanwa na mlango, lakini mtu wa AM akibana swichi ya kurushia wimbi lake lipo hata asiposema neno, linafukuza kelele zote, unasikia chumba chake kizima, kiti, saa ya ukutani, pumzi... na pumzi ndiyo anayoisikia sasa, ya Mchomeleaji, rafiki yake wa masafa mafupi, miaka kumi na tisa ya kusalimiana kila asubuhi bila kuonana uso kwa uso, inakwaruza, inakatika, inarudi, na kumwita hakufai, aliyebana swichi hasikii, na Fundi naye akirusha atakuwa kiziwi, pumzi itampita... alianza vizuri tu, "Fundi, ngoja kwanza, leo kifua..." na Fundi, mdomo umemzidi akili, akabana swichi yake juu ya mwenzake, mawimbi mawili yakipandana wasikilizaji husikia mluzi mtupu, anajua, kwani hajui? amemtania kwa kumpandia hivyo mara mia, akamwaga porojo dakika nne nzima juu ya mlingoti wake mpya wa antena, eti kunguru akitua juu yake analia mpaka ng'ambo, na alipoachia, wasikilizaji wengine walishachoka na mluzi, wamehama, limebaki wimbi hili moja, na kitu kizito ambacho lazima kilianguka asubuhi hii, swichi ikabaki imebanwa chini yake, bila Fundi kukisikia...

"Baba, leo umenyamaza, redio imekuuma?" Binti yake huyo, mlangoni, kikombe mkononi, anacheka.

"Shika simu, mama. Ita gari la wagonjwa. Mchomeleaji ameanguka."

"Ee! Anakaa wapi?"

Anakaa wapi, swali dogo hilo, mwaka jana alihama baada ya kumzika mkewe, akamweleza Fundi yote hewani, mtaa, geti, ghorofa ya ngapi, taratibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kutembelewa, na Fundi siku ile alikuwa akiitikia naam, naam, huku akipanga uongo wa kumchekesha akimjibu, uongo wenyewe anaukumbuka neno kwa neno, ule wa transfoma na radi...

"Baba! Wapi?"

Pumzi moja, halafu kitambo, halafu nyingine, sindano haijatikisika, na ile sauti ya mwaka jana anaivuta, anaivuta, inakuja na mtaa ndani yake, lakini kila ikifika kwenye jina la mtaa anajisikia yeye mwenyewe akisema naam...