Nne Nukta Mbili

Kazi yangu ukimweleza mtu, anacheka. Natunza namba. Programu yetu inawapimia wagonjwa wa kisukari dozi ya sindano, na inatumika kwenye simu za aina mbili, zile za bei na zile za kawaida. Kila aina ina mipangilio yake ya kutengenezewa. Mipangilio yote iko mikononi mwangu, pamoja na namba ya toleo inayosomeka chini kabisa ya kioo. Shangazi yangu, aliyenilea tangu nina miaka minne, huwatangazia majirani kwamba nimesoma miaka kumi na sita ili niandike moja, mbili, tatu.

Shangazi mwenyewe ana kisukari. Simu yake ni ya kawaida, kioo kimepasuka kona, na kuibadilisha hataki ng'o.

Wiki tatu nyuma Pole aligundua kasoro. Pole ndiye anayezijaribu programu kabla hazijatoka, na jina hilo tulimpa kwa sababu huongea kama mtu anayevuka matope. Mgonjwa akiruka mlo, programu ilimsomea dozi ya jana kana kwamba amekula. Dozi ya aliyeshiba ukimchoma mwenye njaa, anaweza kuanguka asiinuke tena. Simu za bei tulizitibu kwa siku mbili, zikatoka na namba mpya, tano nukta sifuri. Za kawaida ziligoma. Kila nikitengeneza kifurushi kipya cha programu, kipande kimoja cha zamani kinakataa kukaa na wenzake, kazi nzima inakwama. Zikabaki nne nukta mbili.

Wauguzi wa dawati la simu tuliwapa agizo moja tu. Mgonjwa akipiga, muulize chini pameandikwa ngapi. Akisema tano, aendelee. Akisema nne nukta mbili, asiifuate programu, apime kwa karatasi aliyopewa kliniki.

Alhamisi asubuhi Mkuu wa ofisi alikuja na kikombe chake cha chai akasimama nyuma ya kiti changu.

"Kesho wageni wanakuja kuzindua tano," alisema. "Simu mbili zitakuwa mezani. Nataka zisome namba moja."

"Za kawaida hazijapona, mkuu."

"Sijasema zimepona. Nimesema zisome namba moja. Hiyo kasoro utaimalizia wiki ijayo, kimya kimya."

"Na muuguzi akisomewa tano atamwambia nini mgonjwa?"

"Ya wauguzi niachie mimi."

"Basi mimi siandiki."

Alidhani namtania. Namba ikishapanda haishuki, duka la programu halipokei iliyo ndogo kuliko iliyotangulia, na hilo yeye ndiye aliyenifundisha. Sasa alitaka nimpake mgonjwa mafuta kwa mgongo wa chupa ili meza ya wageni ipendeze. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

"Umeajiriwa kuandika, hukuajiriwa kuamua," alisema.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mkuu. Na kifo chenyewe hakitakuwa chako."

Akaondoka. Chai alinimwagia kidogo mezani, sijui kwa bahati mbaya au vipi.

Mchana shangazi akapiga.

"Leo tumbo limekataa chakula," alisema. "Simu yako inaniambia nichome kumi na nane. Nimempigia yule muuguzi, kaniuliza namba ya chini, nikamsomea. Kaniambia nifuate karatasi. Karatasi inasema sita. Haya, mwongo nani hapo?"

"Simu, shangazi."

"Na simu hiyo umeitia maneno wewe."

"Ndiyo."

"Nimelea mwongo," alisema, akakata simu huku anacheka. Mimi nilikaa nimeishika yangu mkononi, naziwaza zile kumi na nane.

Saa tisa Mkuu alirudi, akaniomba kiti. Nilisimama nikampa. Alifungua faili la simu za kawaida, akafuta nne nukta mbili, akaandika tano nukta sifuri kwa kidole kimoja. Lakini pale ofisini tuna utaratibu, na aliyeuweka ni yeye, tangu mwaka ule alipokosea namba mwenyewe tukakataliwa dukani siku mbili nzima. Anayepandisha namba anaisoma kwa sauti. Mwingine lazima aitike, "Nimesikia," kisha athibitishe kwenye mashine yake. Bila hivyo kifurushi hakitoki.

Mkuu akasimama.

"Simu za kawaida. Nne nukta mbili kwenda tano nukta sifuri."

Mchoraji wetu wa vioo, anayebuni sura ya programu, alikuwa ghafla na kazi nyingi kwenye droo yake. Dada wa mapokezi, ambaye hata kuthibitisha haruhusiwi, aliacha kuchapa.

Mkuu akarudia, safari hii anamtazama Pole. Nilimhurumia Pole. Ana mtoto wa miezi miwili na mkataba wa mwaka mmoja, na sijawahi kumsikia akimbishia hata mlinzi wa getini. Aliweka chini simu aliyokuwa akiijaribu, akaifuta kioo kwa mkono wa shati.

"Sijasikia, mkuu," alisema, polepole kama kawaida yake.

"Nimesoma mara mbili."

"Hata ukisoma mara kumi. Sijasikia."

 Mkuu aliniachia kiti, nami nikairudisha nne nukta mbili mahali pake.

Ijumaa wageni walizikuta namba mbili. Mmoja akauliza kulikoni, na kabla Mkuu hajafungua mdomo nilishajibu, kwa sauti, na kasoro yote nikaitaja. Jumatatu zilikuja barua mbili za onyo, ya Pole na yangu. Yangu iliandikwa "ukaidi." Niliisaini kwa herufi kubwa.

Jioni ile shangazi akapiga tena.

"Hapa chini bado nne nukta mbili," alisema. "Huko kazini mnalala?"

"Hatulali, shangazi. Umepima kwa karatasi?"

"Nimepima. Kwani nina la kufanya, na namba yako ndiyo hiyo hiyo?"