Sahani Mbili za Pilipili

...na ndoo ya maji nimemwekea miguuni makusudi, akiosha hata moja kaumbuka, maana pilipili ya poblano, hii kubwa ya kujazwa nyama, ukishaibabua motoni na kuifunga kwenye kitambaa itoke jasho, unaimenya kwa vidole vikavu, ukiitia maji harufu yote ya moto inakwenda zake, unabaki na jani la kuchemsha, na mwanamke wa huku kwetu Puebla asiyejua hilo sijui kalelewa na nani... "Mama, umebakiza ngapi?" Maribel huyo, mke wa mwanangu, nimemwambia hatushindani hapa, akacheka, ana meno mazuri, hilo simnyimi... Heriberto mwanangu anataka jibu tukikaa mezani, wahamie hapa kwangu au wakapange mjini, na jibu ninalo tangu asubuhi, hapana, jiko hili nimepikia peke yangu miaka arobaini, sitaki mtu wa kunihamishia sufuria... lo, imechanika tena, ya tatu hii, na iliyochanika haijaziki, nyama yote inamwagika, vidole vyangu siku hizi kama nimeazima, zamani nilimenya mia nzima kwa sikukuu ya Mtakatifu Agustino huku namgombeza marehemu mume wangu, wala siangalii chini... haya, niiweke sahanini kifudifudi, mpasuko usionekane... mbona zilizomo ni nzima tupu? Mbili nilizochana ziko wapi? Nami macho yote nimeyakodoa kwenye ndoo... hizo hapo, kwenye sahani yake, yeye anayevua ngozi ya pilipili kama anamvua mtoto soksi... "Nimechana tena, mama," anasema, kwa sauti ya kufika uani aliko mumewe, "leo utanifukuza." Mwongo mkubwa we. "Mvumilie, mama, atajifunza!" Heriberto huyo, bwege, atajifunza nini... na Jumapili iliyopita, Mungu wangu, nilijisifu zangu zote nzima, nikazicheka za kwake mbele ya shemeji zake, naye akainama akala zilizochanika... na maji ya ndooni hajayagusa hata kwa ncha ya kidole... sasa hii niliyoshika, kikonyo hiki kimenibakia mkononi, ya nne, na mkono wake huo unakuja polepole kama paka mwizi... "Iache," nimesema, "hiyo yangu." Amenitazama, mimi nimetazama pilipili. "Nimeichana mwenyewe. Na chumba cha nyuma kinavuja, mwambie mumeo apande juu ya paa kabla hamjaleta godoro."